Kumshika Mkono Msomi wa Kwanza wa Familia Hadi Kitabu Chake Kitoke

Mhadhiri mmoja kijana alinijia siku moja na karatasi nne alizozichapisha katika saiba moja ya Ngara. Ilikuwa barua pepe ya mhariri wa shirika la uchapishaji la ng'ambo, pamoja na ripoti za wataalamu wawili waliokuwa wameusoma mswada wake. Ripoti zilimchambua kwelikweli: sura ya pili ni ndefu mno, hoja ya sura ya nne haijasimama, kuna maandishi muhimu hakuyagusa. Mwishoni mhariri alikuwa ameuliza ni lini angeweza kupata majibu yake. Barua hiyo ilikuwa na miezi saba. Kijana alikuwa ameisoma mara moja, akafunga kompyuta, akajua moyoni kwamba amekataliwa.

Hakuwa amekataliwa. Mhariri asiyeutaka mswada haulizi majibu yatafika lini. Lakini nani angemwambia? Mamake huuza mboga sokoni Wakulima, na kwao hakuna mwingine aliyewahi kuvuka lango la chuo kikuu. Mtoto wa profesa angeliuliza swali hilo mezani na kujibiwa kabla ugali haujapoa.

Wasomi wa namna hii ni wengi Nairobi, na wanaongezeka. Mwaka 2013 pekee vyuo vishiriki vingi nchini vilipewa hati na kuwa vyuo vikuu kamili, na leo madarasa yamejaa watu waliosomeshwa kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na harambee za kanisani. Akili wanayo na bidii wanayo. Yanayowakwamisha ni yale yasiyoandikwa popote, yanayopita kwa mdomo kati ya watu wanaojuana. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako wewe unayeweza kuwaambia: msimamizi wa tasnifu, mkuu wa idara, mkutubi, au mwenzao aliyetangulia kitabu kimoja tu.

Hatua ya kwanza: ujue mzigo alioubeba

Kabla hujauliza kuhusu mswada, uliza kuhusu wiki yake. Anafundisha wapi, siku zipi, na analipwa lini? Wengi wenye uzamivu mpya jijini hufundisha kwa muda katika vyuo viwili au vitatu, leo Juja, kesho Rongai, na malipo huchelewa. Nyumbani ndiye "daktari", kwa hiyo karo ya wadogo zake, bili ya hospitali ya mjomba na mchango wa mazishi huanzia kwake. Simlaumu mtu kwa hilo. Familia hiyo hiyo ndiyo iliyouza ng'ombe ili yeye asome. Ila kitabu huandikwa kwa saa, na saa hizo lazima zitoke mahali.

Kama una mamlaka juu ya ratiba, vibane vipindi vyake viwe siku mbili au tatu, na umwondoe katika kamati moja. Ukiwa mkutubi, mtengee meza na umruhusu aache vitabu vyake hapo. Kama huna cheo chochote, kaa naye tu. Jumamosi asubuhi, saa mbili hadi saa sita, watu wawili au watatu kila mmoja na kazi yake, katika maktaba tulivu kama ile ya BIEA, taasisi ya utafiti ya Waingereza kule Kileleshwa, au chumba chochote cha idara kilicho wazi. Nimeona miswada iliyolala miaka mitatu ikiamka kwa Jumamosi kumi na mbili za namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo washauri wengi hawalifikirii. Msaidie aeleze nyumbani kitabu hiki ni kitu gani. Watu wengi wakisikia "kitabu" hufikiria vitabu vya shule vinavyonunuliwa kwa malaki, na jamaa huanza kungoja pesa. Kitabu cha kitaaluma huuza nakala mia kadhaa. Ni afadhali waambiwe mapema kwamba faida yake itakuja kwa njia ya kupandishwa cheo, mialiko na ruzuku za utafiti, tena pole pole.

Hatua ya pili: kuivunja tasnifu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo utakapotumia muda mwingi zaidi.

Tasnifu ya vyuo vyetu ina umbo linalojulikana: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu za utafiti, matokeo, hitimisho. Umbo hilo linawafaa watahini, kwa sababu mtahini analipwa kusoma na anatafuta uthibitisho kwamba mwanafunzi amefanya kila kitu. Msomaji wa kitabu hajalipwa. Anatafuta hoja, na ataweka kitabu chini ukurasa wa kumi asipoiona.

Zoezi ninaloanza nalo ni hili. Mwambie afunge kompyuta, halafu akueleze utafiti wake kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao kama mnaielewa wote, kama vile anamweleza shangazi yake. Mrekodi kwa simu kwa ruhusa yake. Nilifanya hivyo na dada mmoja aliyetafiti wauza maji wa mikokoteni katika mitaa ya mashariki ya jiji. Tasnifu yake ilifunguka kwa kurasa sitini za nadharia. Alipofunga kompyuta, alisema hivi: "Bei ya jerikani hainiambii maji yako wapi, inaniambia nani anamwogopa nani." Nikazima simu. Kitabu chake kilikuwa kimeshapatikana, na sentensi hiyo haikuwa mahali popote katika kurasa mia tatu alizokuwa amezipigia chapa na kuzifunga kwa jalada gumu.

Ukishaipata sentensi ya namna hiyo, iandikeni juu ya karatasi kubwa na muulize kila sura inaitumikia vipi. Sura ya mapitio ya maandishi haihamii kitabuni ikiwa nzima. Vipande vinavyohitajika huingizwa pale hoja inapovihitaji, vingine huenda kwenye maelezo ya chini, na vilivyobaki huachwa. Mbinu za utafiti zinatosha kurasa chache ndani ya utangulizi, au kiambatisho. Matokeo, ambayo katika tasnifu ni sura moja nene, hugawanywa kuwa sura tatu au nne, kila moja na hoja yake ndogo. Hitimisho la tasnifu lenye mapendekezo kwa serikali huandikwa upya kabisa.

Sasa angalia jinsi anavyonukuu. Msomi wa kwanza ana tabia ya kujificha nyuma ya wakubwa. Kila sentensi ina majina matatu ya watu wa Marekani au Uingereza, na sauti yake huisikii hadi aya inapoisha. Naielewa hofu hiyo. Mtu ambaye miaka yote amehisi kwamba siku moja ataulizwa "wewe umeingiaje hapa?" hubeba vitambulisho vingi. Usimwambie tu "jiamini". Chukua ukurasa mmoja, piga mstari chini ya sentensi ambazo ni zake mwenyewe, mzihesabu pamoja, kisha mwambie aanze kila aya kwa mojawapo ya hizo.

Urefu: wachapishaji wengi wa vitabu vya kitaaluma hutaka kati ya maneno 80,000 na 100,000, pamoja na maelezo na marejeleo. Muda: mwaka mmoja wa kazi ya kweli, na zaidi kwa anayefundisha vyuo viwili. Mwambie ukweli huo siku ya kwanza.

Wakati huohuo hakikisheni karatasi ziko sawa. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiwekwe pamoja na fomu za ridhaa za waliohojiwa. Kama alirekodi majina, simu au picha za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu, na kitabu kinawafikia watu wengi kuliko tasnifu ilivyowafikia. Picha na ramani za wengine zinahitaji ruhusa ya maandishi. Na kabla tasnifu haijapandishwa kwenye hazina ya dijitali ya chuo, muulize mkutubi kama inaweza kufungwa isisomwe na umma kwa mwaka mmoja au miwili. Wachapishaji wengi hawajali, lakini wapo wanaojali.

Hatua ya tatu: kumtafuta mchapishaji

Usimwambie "tafuta kwenye intaneti". Nendeni maktabani pamoja. Atoe rafuni vitabu kumi alivyovitegemea zaidi, avipange mezani, aandike nani alivichapisha na viko katika mfululizo gani. Kisha afungue kurasa za shukrani. Waandishi huwashukuru wahariri wao kwa majina, na hapo ndipo mtu asiye na mjomba katika taaluma anajua barua aiandikie nani. Baada ya saa mbili mezani patakuwa na mashirika manne au matano yanayojirudia. Hayo ndiyo yake.

Swali la nyumbani au ng'ambo litazuka. Karibu nasi wapo University of Nairobi Press, East African Educational Publishers na Twaweza Communications hapa Nairobi, Mkuki na Nyota Dar es Salaam, Fountain Publishers Kampala, na CODESRIA kule Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lililoanzishwa mwaka 1973. Ng'ambo kuna James Currey nchini Uingereza na Ohio University Press nchini Marekani, ambao wamechapa vitabu vingi kuhusu Afrika Mashariki. Kitabu cha ng'ambo huheshimiwa na kamati za kupandisha vyeo, lakini toleo lake la jalada gumu mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya pauni 70, na mwanafunzi wa Kikuyu Campus hataliona ila kwa picha. Kitabu cha hapa kitasomwa hapa. African Books Collective, lenye makao Oxford, husambaza nje vitabu vya wachapishaji wa Afrika, kwa hiyo kuchapisha nyumbani hakumfungi mtu nyumbani.

Mimi, nikiulizwa, nasema tafuta njia ya kupata vyote viwili. Kwa miaka mingi vitabu vya historia na siasa za eneo hili vilitoka kwa ushirikiano: mchapishaji mmoja London, mmoja Ohio, mmoja Nairobi, mmoja Dar, mmoja Kampala, kila mmoja na toleo la bei ya soko lake. Mlango huo haujafungwa. Hufunguliwa katika mkataba, na nitafika huko.

Sasa kuhusu matapeli. Wiki chache tu baada ya tasnifu kuonekana mtandaoni, barua pepe huanza kuingia: "Tumeusoma utafiti wako bora, tunaomba heshima ya kuuchapisha." Msomi ambaye hajawahi kusifiwa na mtu wa mbali husisimka. Nimemjua kijana aliyesaini usiku uleule na kampuni moja ya ng'ambo. Tasnifu yake ikatolewa vilevile ilivyo, na makosa ya chapa ndani, kwa bei ambayo hakuna maktaba ingelipa, na haki zote zikawa zao. Kamati ya chuo haikuhesabu kitabu hicho, na hakuna mchapishaji mwingine aliyekitaka.

Mfundishe ishara. Anayekuja mwenyewe kwa sifa bila kutaja sura hata moja, anayeahidi kitabu ndani ya wiki chache, asiyetaja wataalamu wa kuupitia mswada, na anayetaka saini kabla ya mtu yeyote kuusoma, huyo aachwe. Suala la pesa lina utata zaidi. Wachapishaji kadhaa halali, hasa barani kwetu, huomba ruzuku ya kuchangia gharama za uchapaji, na wale wa ufikiaji huria ng'ambo, ambao vitabu vyao husomwa bure mtandaoni, huweza kutoza maelfu ya dola ambazo kwa kawaida hulipwa na chuo au mfadhili. Kulipa peke yake si ushahidi wa utapeli. Ulizeni: mswada umepitiwa na nani? Pesa zinaombwa kabla au baada ya mapitio? Je, uamuzi wa kukubali ungebadilika zisipolipwa? Na asilipe kwa mkopo wa simu, hata siku moja.

Hatua ya nne: pendekezo na barua

Pendekezo la kitabu lina mambo yanayojulikana: hoja kwa aya moja au mbili, muhtasari wa kila sura, wasomaji ni nani, vitabu vinavyokaribiana nacho, urefu, idadi ya picha, mswada utakamilika lini, na wasifu mfupi wa mwandishi. Sura moja au mbili za mfano huambatishwa. Kila shirika lina fomu yake, ijazwe hiyo.

Msaada mkubwa kuliko wote hapa ni kumpa pendekezo lako mwenyewe lililokubaliwa. Na lile lililokataliwa pia, pamoja na barua ya kukataliwa. Karatasi hizo mbili zikilala mezani kando kwa kando zinafundisha zaidi ya warsha ya siku tatu hotelini. Wengi wetu huzificha. Tuzitoe.

Angalia sehemu mbili kwa makini. Ya kwanza ni ile ya vitabu vinavyokaribiana. Asiandike "hakuna kitabu kama hiki duniani", kwa kuwa mhariri ataelewa ama mwandishi hajasoma, ama hakuna anayetaka kununua kitabu cha namna hiyo. Ataje vitatu au vinne kwa heshima, aseme chake kinaongeza nini. Ya pili ni barua. Sisi tumelelewa kusalimu kwanza, kuuliza afya, kuomba radhi kwa usumbufu. Adabu hiyo ni njema kwa wazee, lakini mhariri anasoma barua arobaini kwa siku. Mistari hii inatosha:

"Ninaandika kitabu kuhusu wauza maji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi. Kinaonyesha kwamba bei ya maji hupangwa na hofu kati ya watu kabla ya kupangwa na uhaba. Nimekaa na wauzaji hao miezi kumi na minne. Mswada una maneno 90,000 na utakamilika mwezi wa Juni. Nadhani unafaa katika mfululizo wenu wa miji ya Afrika. Nimeambatisha pendekezo na sura ya pili."

Kama unamfahamu mhariri, andika neno la kumtambulisha. Usione haya kwamba ni upendeleo. Watoto wa wasomi hutambulishwa kila siku bila mtu kuhesabu. Mwambie pia kwamba pendekezo linaweza kwenda kwa wachapishaji wawili au watatu kwa pamoja mradi awajulishe, ila mswada mzima ukishaingia kwenye mapitio ya shirika moja, asiupeleke kwingine bila kuwaambia. Kimya cha miezi miwili kinaruhusu barua fupi ya kuuliza. Hatachukiwa.

Hatua ya tano: siku ripoti zinapofika

Rudi kwa yule kijana wa Ngara. Tulifanya hivi, na ndivyo ninavyofanya na kila mtu tangu hapo.

Siku ya kwanza hatukugusa kitu. Nilimsomea mimi ripoti zote mbili kwa sauti, polepole, maana maneno makali yakisomwa na mtu anayekupenda hupungua makali. Kila tulipokuta sifa, hata nusu sentensi, aliipigia mstari wa kijani. Ilikuwako mingi kuliko alivyokumbuka.

Siku ya pili tulichora jedwali la safu tatu: mtaalamu amesema nini, mimi nitafanya nini, itakuwa ukurasa upi. Hoja ishirini na tatu. Kumi na moja zilikuwa za nusu saa kila moja: tarehe, tahajia, chanzo kilichosahaulika. Saba zilihitaji aya mpya. Nne zilikuwa nzito kweli. Moja alikataa.

Hiyo moja ndiyo iliyomtisha zaidi. Mtaalamu alimtaka aongeze mlinganisho na mji mwingine ambao hakuwahi kuutafiti. Hakujua kwamba mwandishi ana ruhusa ya kusema hapana. Anayo, akitoa sababu: "Nashukuru kwa pendekezo hili. Nguvu ya kitabu iko katika kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na mlinganisho wa harakaharaka ungeidhoofisha. Nimeongeza kurasa mbili katika utangulizi kueleza mipaka hiyo." Wahariri huheshimu jibu la namna hiyo.

Barua ya majibu ilitoka kurasa tatu. Alianza kwa kuomba radhi kwa ucheleweshaji, sentensi moja tu, bila hadithi ndefu. Mhariri alimjibu baada ya siku mbili akisema amefurahi kumsikia.

Mweleze pia jinsi mambo yanavyokwenda, maana kutojua ndiko kunakoleta hofu. Mswada kwa kawaida husomwa na wataalamu wawili, ambao katika vitabu mara nyingi hulijua jina la mwandishi ingawa yeye hayajui yao. Kusoma huchukua miezi. Majibu yake na ripoti huenda mbele ya bodi ya wahariri, na bodi ndiyo inayoamua. Ripoti isiyo na lawama hata moja karibu haipo.

Hatua ya sita: mkataba

Msomi wa kwanza husaini mkataba siku ileile unapofika. Anaogopa kwamba akiuliza, nafasi itaondoka. Mzuie kwa upole. Kuomba wiki mbili za kuusoma ni jambo la kawaida, na mchapishaji mzuri hakasiriki.

Someni kifungu kwa kifungu. Hakimiliki inabaki kwa nani? Nchini Kenya haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusajiliwa, na hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi anaweza kumpa mchapishaji leseni ya kuchapa bila kumhamishia yote. Kuisajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari, lakini ni ushahidi mzuri mambo yakienda kortini.

Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, unakokotolewa juu ya nini? Hapa watu huumia. Tuseme kitabu ni shilingi 2,000, mrabaha ni asilimia kumi, na duka linachukua asilimia arobaini. Ukihesabiwa juu ya bei ya rafuni ni shilingi 200 kwa nakala. Ukihesabiwa juu ya kile mchapishaji alichopokea, yaani shilingi 1,200, ni shilingi 120. Asilimia ni ileile, pesa ni tofauti.

Kama mchapishaji yuko ng'ambo, hapa ndipo mahali pa kuomba haki za Afrika Mashariki zibaki wazi, au aahidi toleo la bei nafuu kupitia mchapishaji wa hapa. Aombe kabla ya saini. Baada ya saini hana cha kushikilia. Aombe pia haki ya Kiswahili ibaki kwake. Watu aliowahoji hawakumsimulia maisha yao kwa Kiingereza, na siku moja atataka wakisome.

Vifungu vingine vya kuangalia: nani anagharamia faharasa (orodha ya mambo na kurasa zake mwishoni mwa kitabu) na ruhusa za picha, anapata nakala ngapi za bure, je analazimika kumpa mchapishaji huyu kitabu chake kijacho, na haki zinarudi lini kitabu kikiacha kuchapishwa. Kifungu cha kitabu kijacho ningekifuta kila mara.

Hatua ya saba: kiwandani

Kuanzia hapa kazi ni ya mchapishaji zaidi, lakini mwandishi ana tarehe za kutimiza. Mhariri wa lugha atarudisha mswada na maswali. Kisha zinakuja prufu, kurasa zilizokwisha kupangwa, na huo si wakati wa kuandika upya. Ni kurekebisha makosa tu. Faharasa hutengenezwa wakati huohuo kwa kuwa sasa namba za kurasa zinajulikana. Asiye na pesa ya kumlipa mtu aifanye mwenyewe kwa wiki mbili. Mwonyeshe faharasa ya kitabu kizuri na jinsi inavyopanga mambo.

Amueni jina mapema. Wengi wetu tuna jina la ubatizo, jina la nyumbani, la baba, na wengine la ndoa, na mtu huandika makala moja kwa hili na nyingine kwa lile. Achague moja litakaloonekana kwenye jalada, alitumie daima, na ajisajili ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, ili kazi zake zisitawanyike.

Hatua ya nane: kitabu kikishatoka

Kitabu kilichochapishwa Kenya hupata ISBN, yaani namba yake ya utambulisho, kutoka Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS, na zetu nyingi huanza na 978-9966. Sheria ya Vitabu na Magazeti humtaka mchapishaji awasilishe nakala serikalini. Muulizeni kama amefanya hivyo, kwa maana kitabu kisichowasilishwa hakitapatikana na mtafiti wa miaka hamsini ijayo.

Uzinduzi usiwe wa gharama. Ukumbi wa idara, chai na mandazi, wachambuzi wawili waliokisoma kweli. Mjulishe mwandishi tarehe za Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo hufanyika Sarit Centre, na amwandikie mchapishaji wake kuuliza kama kitabu kitakuwa mezani. Apite Text Book Centre aulize kama wanacho. Maduka huagiza kile kinachoulizwa. Mkutubi wa kila chuo alichofundisha apewe jina la kitabu na ISBN yake, hata kwa ujumbe wa simu.

Zile nakala za bure zigawanywe kwa mpango kabla hazijaisha kwa jamaa na marafiki: moja kwa maktaba ya shule yake ya sekondari, moja kwa maktaba ya kaunti ya kwao, moja kwa kamati ya kupandisha vyeo, na mbili angalau kwa watu aliowatafiti. Yule dada wa wauza maji alipeleka zake pale kwenye mabomba asubuhi ya saa kumi na moja, foleni ikiwa imeshajipanga, na mzee mmoja akaomba atafsiriwe ukurasa wenye jina la mtaa wao.

Taarifa ya mrabaha huja mara moja au mbili kwa mwaka. Isipokuja, aulize kwa maandishi. Na kabla hamjaachana, mwombe ruhusa ya kuweka kwenye faili moja pendekezo lake, ripoti za wataalamu na lile jedwali la safu tatu, ili viwepo vya kumwonyesha msomi mwingine Jumamosi ijayo.